Msoma Kipimo wa Bwawa la Juu

Kila siku saa mbili kamili asubuhi simu ya mezani kwangu ililia, na kabla sijamaliza kusema haloo, sauti ya mwanamke ilinisalimu kwa Kijaluo, "Karani, oyawore. Andika." Halafu ikafuata nambari, tarakimu moja moja, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Alinyamaza nimrudishie. Nikikosea hata tarakimu ya mwisho, aliguna na kuanza upya. Nikipatia, alisema, "Ndiyo hiyo," akakata. Hakuuliza habari ya nyumbani wala ya watoto. Kwa miaka miwili ya kwanza sikujua sura yake.

Kazi yake ilikuwa kusoma kina cha maji katika bwawa lililo vilimani juu ya Mamboleo. Sisi wa ofisini tuliliita Bwawa la Juu. Maji yake yaliteremka yenyewe kwa mabomba mpaka kwenye mitaa ya upande wa juu wa Kisumu, bila mashine kuyasukuma. Kazi yangu ilikuwa kuandika alichosoma. Jina lake lilikuwa kwenye faili, lakini hakuna aliyelitumia. Meneja, mafundi, hata dereva wa lori walimwita Mpimaji. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Karani, na siku akiwa amefurahi, nyathina, yaani mwanangu.

Nilipopanda huko mara ya kwanza nilitegemea kukuta mwanamke mkubwa, kwa ile sauti. Nikakuta mtu mfupi, mwembamba, amevaa gambuti za kijani zilizomzidi miguu, na leso ya kichwani iliyofungwa kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda. Alinitazama viatu vyangu vya ofisini.

"Na hizo utateremka nazo?" aliuliza.

Nilivivua. Tukateremka ukingoni mpaka kwenye kipimo. Zilikuwa nguzo kadhaa zilizosimamishwa moja chini ya nyingine kama ngazi kuelekea majini, kila moja na bamba jeupe lenye mistari na nambari nyeusi. Pale maji yalipokata bamba ndipo uliposoma. Niliinama, nikasema, "Hapa ni kama mita nne na..."

"Kama ni ya nini?" akanikatiza. "Umeona ama hujaona?"

Neno hilo alilichukia. Mtu akimwambia atafika kama saa nne, yeye alijibu, "Basi usikuje. Mimi niko saa nne." Nilimsikia akimgombeza mchungaji wa kanisa lake kwa kutangaza kwamba mkutano ulihudhuriwa na watu kama mia. Alikuwa amewahesabu. Hawakufika.

Watu wa namna hiyo hudhaniwa kuwa hawana huruma, na mimi nilidhani hivyo. Sheria ilikataza mifugo kunywa bwawani, na uzio ulikuwepo, na bango lilikuwepo. Wachunga ng'ombe walipokaribia aliwafokea kwa Kijaluo kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini kila siku saa saba mchana aliingia ndani kula, na mlango mdogo wa uzio upande wa mashariki alikuwa ameuacha bila komeo. Alikula kwa saa nzima. Ugali na omena, saa nzima! Ng'ombe waliingia, wakanywa, wakatoka. Akimaliza chakula alikwenda kufunga komeo huku akilaani kwato zilizoharibu ukingo.

"Mama, unajua wanaingia," nilimwambia.

"Nikiwa ninakula siwezi kuona," alisema. "Na ng'ombe haijasoma bango."

Ajabu nyingine ni kwamba aliyaogopa maji. Alikuwa mtu wa ziwani, kutoka upande wa Nyakach, na hakuwahi kupanda mtumbwi tangu utoto wake. Hakujua kuogelea. Aliposogea karibu na maji alishika nguzo kwa mkono mmoja, hata mahali ambapo maji hayafiki magotini. Nilimuuliza kwa nini alichukua kazi hiyo. Akasema kazi nyingine iliyokuwepo ilikuwa ya kupika, na yeye hapendi watu wakimsimamia kichwani wakiwa na njaa.

Nyumbani kwake, nyumba ndogo ya wafanyakazi nyuma ya ukuta wa bwawa, maji yalitumika mara tatu kabla ya kumwagwa. Yalisuuza vyombo, yakapiga deki, yakaishia kwenye sukuma wiki. Alifanya hivyo hata miaka ile bwawa lilipofurika na sisi mjini tuliosha magari kwa mpira kutwa.

Aliishika Sabato. Ijumaa jioni jiko lilizimwa, na Jumamosi kutwa alikuwa kanisani chini kule barabarani, akirudi jua likiwa limeinama. Hakupika, hakufua, hakununua hata kiberiti. Lakini kipimo alikisoma Jumamosi asubuhi kama siku nyingine, akiwa amevaa nguo za kanisani na gambuti. Nilimtania kwamba anavunja amri.

"Kusoma si kazi," alisema. "Kusoma ni kuangalia. Mungu pia huwa anaangalia, hata siku hiyo."

Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mcheshi, ambaye hakufanana naye kwa lolote ila paji la uso. Kijana huyo alikuwa amekodi shamba upande wa pili wa bwawa, kule mkono wa maji unapoingia kwenye bonde, akalima nyanya. Mama alimsifu kwa njia yake. Alinipa nyanya nne nikiondoka na kusema, "Hizi si mbaya." Kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kisha mvua zikakosa kuja. Masika ilinyesha siku chache, ikakata. Tukangoja vuli, nayo ikapita ikiwa mawingu tu. Kila asubuhi saa mbili nambari ilikuwa ndogo kuliko ya jana. Mwanzoni niliandika bila kufikiri. Baadaye nilianza kuiogopa ile simu. Sauti yake haikubadilika. Angeweza kuwa anasoma namba za nyimbo kanisani.

Mjini watu walianza kupanga foleni za mitungi, na wasukuma mikokoteni wakawa wanatafutwa kama madaktari. Wengi walikuja ofisini kwetu na swali moja. Mama mmoja wa Kibuye alinishika mkono, akanivuta mpaka dirishani, akanionyesha ziwa linalong'aa kule chini mpaka macho yasipofika.

"Ziwa yote hiyo," alisema, "na wewe unaniambia hakuna maji?"

Nilimweleza kwamba maji ya ziwani lazima yasafishwe, kisha yasukumwe kupanda mlima, na mashine zilizokuwepo zilikuwa zimeelemewa na mitaa ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza tena swali lilelile, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa.

Ikafika asubuhi ambayo Mpimaji alisema, "Karani, maji imeachana na bamba."

Maji yalikuwa yameshuka chini ya nguzo ya mwisho. Nilimpelekea meneja habari. Alikuwa amechoka, mezani pake kuna barua za shule, za hospitali, za makanisa. Akasema, "Andika sifuri." Nikarudi kwenye simu nikamwambia Mama nimeambiwa niandike sifuri.

"Hapana," alisema.

"Mama, kipimo kimeisha."

"Kipimo ndiyo imeisha. Maji haijaisha. Sifuri ni hakuna kitu, na mimi hapa naona maji. Ukiandika sifuri leo, kesho utaandika nini? Na watu wa hospitali watajuaje imebaki siku ngapi? Wacha hiyo nafasi tupu. Nitakupigia."

Alipiga siku ya pili, saa mbili, na nambari. Alikuwa amekwenda kwa fundi mwashi wa Mamboleo akaazima ule mpira mweupe ambao mafundi huutia maji kupimia usawa wa ukuta. Alikata miti ya mkaratusi, akaichonga, akaipaka rangi, akaisimika kwenye tope akishuka hatua kwa hatua kutoka kwenye nguzo ya mwisho, akihamisha usawa kwa ule mpira. Mtu asiyejua kuogelea! Nilipanda Jumapili hiyo kuona. Ukingo ulikuwa umepasuka vipande vikubwa kama vigae, na katikati, mbali sana, palikuwa na maji ya rangi ya chai. Miti yake ilikuwa imesimama mstari ulionyooka, mistari yake imechorwa kwa mkono. Injinia aliyetumwa kukagua alipima kutwa nzima na vyombo vyake, akavikunja, akasema tuendelee kuandika anachosema yule mama.

Kwa nambari hizo mgao wa maji ulipangwa. Hospitali na shule kwanza, mitaa kwa zamu. Haukuwa mzuri, lakini watu walijua siku yao, na siku yao ilipofika maji yalitoka.

Kisha alinipigia Jumatatu moja, akasoma nambari, na hakukata. Nilisikia anavyopumua.

"Karani, una daftari hapo? Nitajie Jumamosi na Jumapili za wiki tano."

Nilimtajia. Alikuwa anaandika. Akasema, "Unaona?"

Sikuona kitu.

"Siku nyingine inashuka kidogo, sawasawa. Toka Jumamosi asubuhi mpaka Jumapili asubuhi inashuka mara mbili. Jua la Sabato si kali kuliko la siku ingine. Mtu anavuta maji. Na ni mtu anajua siku gani mimi siko."

Nilisema tutume askari. Akasema ningoje.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kanisani. Alinihadithia baadaye, mara moja tu, na sikuthubutu kumwomba arudie. Alivaa nguo zake za kanisa, akabeba Biblia, akapita njia ya kawaida ili aonekane ameondoka, kisha akazunguka kwa juu ya kilima. Alitembea ukingo wote. Alikuta pampu tatu za petroli zimefungwa kwenye mkono wa bwawa, zikinguruma, mabomba yamefunikwa kwa majani. Mbili zilikuwa za majirani wawili waliolima vitunguu. Alifuata bomba la tatu, likampeleka mpaka kwenye nyanya.

Mwanawe alikuwa ameinama kwenye mifereji, jembe mkononi. Alipomwona mamake alisimama wima, akavua kofia.

"Nimebakisha wiki mbili tu nivune, Mama," alisema. "Wiki mbili."

"Zima."

Alizima. Walikunja bomba pamoja, mama akishika upande huu na mwana upande ule. Halafu yeye akarudi nyumbani, akavua viatu vya kanisa, akanipigia kwenye simu yangu ya mkononi. Nilikuwa nafua. Alisoma nambari ya mchana, nami nikaiandika nyuma ya bahasha kwa mkono wenye povu. Kisha akataja majina mawili ya wale majirani.

"Na la tatu," akasema, "andika la mtoto wangu."

"Mama. Si umesema ameshazima?"

"Amezima."

"Basi inatosha. Mimi sijasikia jina la tatu."

"Umesikia. Wale wengine nao wana watoto, Karani. Kuna pampu tatu. Nikisema mbili, basi kila nambari niliyokupa tangu nianze hii kazi haina maana. Andika, unirudishie."

Nikaandika. Nikamrudishia: jina la kwanza, la pili, la tatu. "Ndiyo hiyo," alisema, akakata.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kuacha lile jina bila kuliandika. Ningeweza. Hakuna ambaye angejua ila sisi wawili. Lakini Jumatatu karatasi iliingia ofisini na majina matatu, pampu zikachukuliwa, na chifu akaitisha baraza ambapo wale wakulima watatu walisimamishwa mbele ya watu. Mpimaji alihudhuria. Alisimama nyuma, gambuti miguuni. Mwanawe alipoulizwa kama ana la kusema alisema hana.

Nyanya zilikauka zikiwa na rangi ya kijani. Kijana akalirudisha shamba kwa mwenyewe, akahamia mjini. Hakumuaga mamake. Bwawani watu waligawanyika. Wengine walimwona shujaa na kumletea kuku. Aliwarudisha na kuku wao. Wengine waliacha kumsalimia, hasa wanawake wenzake, waliosema kwamba mzazi anayemtaja mtoto wake kwa chifu ana moyo wa jiwe. Meneja alitaka kumpa cheti mbele ya wafanyakazi wote. Hati ilishapigwa chapa, viti vimekodiwa. Hakuja. Nilipompigia kuuliza, alisema alikuwa anaosha vyombo.

"Cheti ya nini?" alisema. "Mtasoma hapo sababu, na jina la mtoto wangu itakuwa ndani."

Niliwahi kukutana na yule kijana wakati huo. Alikuwa Kibuye, siku ya Jumapili soko likiwa limefurika, ametandika turubai na viatu vya mitumba. Nilitaka kupita, lakini alikwishaniona.

"Wewe ndiye uliandika," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma lebo.

"Mimi ndiye," nilijibu.

Alishika kiatu kimoja, akakipangusa, akakirudisha mahali pake. "Bado anasoma?"

"Kila asubuhi."

"Yuko aje?"

Sikuwahi kumuuliza Mpimaji yuko aje, na yeye hakuwahi kuniambia. Nikasema yuko salama. Kijana aliitikia kwa kichwa, akageukia mteja. Wiki nzima nilijilaumu, kisha nikamwambia Mama kwenye simu kwamba nimemwona mwanawe Kibuye, anauza viatu, anaonekana mzima.

"Amekonda?" aliuliza.

"Kidogo."

"Ero kamano, nyathina," alisema. Asante. Ndiyo siku pekee ambayo alisahau kunisomea nambari, na ilibidi nimpigie tena.

Mvua ilirudi mwaka uliofuata. Haikuja kwa kishindo; ilinyesha alasiri moja, ikaruka siku, ikanyesha tena. Miti yake ya mkaratusi ikamezwa mmoja mmoja, kisha nguzo ya chini kabisa ikaguswa. Alisoma nambari hizo kwa sauti ileile aliyosomea zile za kiangazi. Siku bwawa lilipojaa na kuanza kumwagikia kwenye mfereji wa ziada, nilimpongeza. Akasema, "Si mimi nimenyesha." Muda si mrefu akastaafu, akaenda zake Nyakach, na mahali pake pakawekwa chombo kinachotuma nambari chenyewe. Meza yangu ikawa kimya saa mbili. Ilinichukua miezi kuzoea.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikwenda Pap Onditi, upande huohuo wa Nyakach, kwenye mazishi ya mzazi wa mwenzangu, na tulipomaliza nikapitia sokoni kununua ndizi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa kibanda cha nafaka, mguu mmoja ameunyoosha mbele, mkongojo umelazwa chini. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilipiga magoti kumsalimia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Aliniambia alianguka kwenye utelezi nyuma ya nyumba, akavunjika nyonga. Alilala pale chini tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Walimpeleka hospitali, na siku ya tatu alipofungua macho akakuta mwanawe ameketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Nani alimwambia?" niliuliza.

"Sijui. Sikuuliza. Alikaa mpaka nikatoka. Akanileta nyumbani. Nikafikiri kesho ataenda. Kesho ikapita, akaanza kutengeneza paa. Sasa ni mwaka na miezi miwili."

"Mmezungumza ile habari?"

Alitazama mguu wake. "Bado."

"Basi mnazungumza nini?"

"Paa. Kuku. Nani amekufa, nani ameoa." Akafikiri kidogo. "Kila usiku kabla nilale nasema kesho nitamwambia kwamba iliniuma. Asubuhi ananiletea chai, naona nikiongea nitaharibu chai."

"Lakini ungefanya vilevile?"

Alinigeukia haraka, na nikaiona ile sura iliyonitazama viatu vyangu siku ya kwanza. "Ningefanya," alisema. "Na ingeniuma vilevile. Karani, hizo ni vitu mbili. Watu wanataka nichague moja."

Kijana alitokea akiendesha pikipiki polepole katikati ya wauzaji, gunia la unga limefungwa nyuma. Nywele zimeanza kuingia mvi juu ya masikio. Aliniona, akasimama, na kwa kitambo sikujua atafanya nini. Akanyoosha mkono. "Karibu Nyakach," alisema. "Umekula?" Nikamwambia nimekula matangani. Akalifungua lile gunia kutoka nyuma ya pikipiki, akampa mwenye kibanda alitunze, akatoa blanketi kuukuu kwenye kapu la mbele na kulikunja mara nne juu ya kiti cha pikipiki, akilibonyeza hapa na pale mpaka akaridhika.

Halafu akainama na kumbeba mamake kutoka kwenye kiti, mzima mzima, mbele ya soko lote.

"Polepole," alisema Mpimaji. "Mimi si gunia."

"Najua, Mama."

"Huo mguu. Huo!"

"Nimeuona."

Alimweka juu ya blanketi, akampa mkongojo aushike, akapanda mbele yake. Nilimwona Mama akitafuta mahali pa kushika, kwanza chuma cha nyuma, kisha ukingo wa kiti. Mwanawe alingoja bila kugeuka, injini ikinguruma. Mwishowe akapitisha mikono yote miwili kiunoni mwa kijana, mkongojo ukiwa umebanwa katikati yao, akalaza shavu lake mgongoni pake na kufumba macho. Alibaki hivyo. Kijana alishusha macho, akaitazama ile mikono iliyofungwa tumboni pake, akaweka kiganja chake juu yake kwa muda mfupi tu. Kisha akakishika kipini na kuondoka, taratibu sana, akikwepa kila shimo.